SINDANO YA MGONGO, NA DAWA ILIYOTUNGWA MWAKA 1957



Upo msemo ulioenea mabarazani mwetu, mjini na mashamba, nao ni huu: "Akishachomwa sindano ya mgongo, huyo si wako tena." Wausemao ni watu wazima wenye akili zao timamu, tena huusema kwa nia njema na kwa huruma, na kwa msemo huo watu wamekufa. Mwandishi wa maneno haya hasimulii ya kusikia. Alikuwapo.

Palikuwa na kijana katika mtaa wetu. Jina lake sitalitaja, kwani wazee wake wako hai na jina hilo ni amana yao. Alikuwa utingo wa gari la abiria, mchangamfu, mwenye sauti iliyokuwa ikituamsha alfajiri kabla ya adhana. Maradhi yake yalianza kwa kuumwa kichwa. Wiki ya kwanza akameza dawa za maumivu na akaendelea na kazi yake. Wiki ya pili akapimwa malaria, akaambiwa hana, na akapewa dawa ya malaria vilevile. Wiki ya tatu akawa aona kila kitu ni viwili, na mara nyingine akijibu swali ambalo hakuulizwa na mtu. Na hapo, kama ilivyo ada yetu, likatajwa pepo, na ubani ukafukizwa. Alipofikishwa hospitali shingo yake ilikuwa haikubali kuinama. Daktari aliyempokea, naye kijana kama yeye, akasema mambo mawili tu. La kwanza, khofu yake ni kwamba kuvu imeingia katika ubongo. La pili, hataweza kulijua hilo kwa yakini, wala hataweza kumpunguzia mgonjwa yale maumivu, ila amtoe maji ya mgongo kwa sindano: leo, na huenda na kesho, na keshokutwa pia.

Ukoo ukakaa shauri. Ami yake akausema ule msemo. Mwingine akamtaja mtu aliyechomwa sindano hiyo akafa siku ya pili yake. Nami nilikuwapo, na nilikuwa nimesoma kidogo kuliko wale waliokaa, na nikanyamaza, kwa kuwa hakuwa damu yangu na sikutaka kuja kulaumiwa. Sindano ikakataliwa. Kijana akapewa vidonge, ambavyo ndivyo vilivyokuwapo. Akapoteza macho kwanza, kisha fahamu, na siku ya tisa tukamzika.

Tangu siku ile nimeyasoma maradhi haya kwa bidii ambayo ilinipasa kuwa nayo kabla. Yale niliyoyapata nayaweka mbele ya wanachama, kwa sababu sisi ni watu tuliozoea kuuliza hesabu ya kila kitu, ya karafuu, ya ardhi, ya kura, na kumbe ipo hesabu nyingine ambayo hatujapata kuiuliza hata siku moja.

Kuvu ni jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala na juu ya kiatu kilichosahauliwa chini ya kitanda wakati wa masika. Aina zake ni maelfu kwa maelfu, na zilizo nyingi hazitudhuru kwa lolote. Hii iliyomuua kijana wetu matabibu huiita kriptokokasi. Iligunduliwa ndani ya mwili wa binadamu mwaka 1894 na mabwana wawili wa Kijerumani, Busse na Buschke. Makao yake ni vinyesi vya njiwa, udongo, na miti iliyooza. Twaivuta kwa pumzi bila ya kujua, na mwili wenye nguvu huifungia ndani ya mapafu, ikakaa humo kama mfungwa. Lakini ulinzi wa mwili ukianguka, yule mfungwa hutoka. Sababu kubwa ya kuanguka kwa ulinzi huo ni UKIMWI. Ziko na nyingine: dawa wanazopewa watu waliobadilishwa figo, maradhi ya saratani, na vidonge vikali vya kutuliza uvimbe vinavyomezwa kwa muda mrefu. Kuvu ikishatoka hupanda na damu hadi katika ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo. Ieleweke pia kwamba maradhi haya hayaambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, aliyemlisha na aliyemwosha, hana la kuogopa.

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao 152,000 wenye virusi vya UKIMWI walishikwa na maradhi haya duniani, na wapatao 112,000 wakafa kwayo. Walio wengi ni watu wa Afrika kusini ya Sahara. Katika kila watu watano wanaokufa kwa UKIMWI, takriban mmoja huuawa na kuvu hii. Idadi hiyo ni kubwa, na walakini ni nani miongoni mwetu aliyepata kusikia hotuba juu yake, ama kuona tangazo lake limebandikwa ukutani?

Sasa tuje kwenye sindano.

Ubongo wetu umezungukwa na maji safi, na maji hayo hutengenezwa kila siku na kila siku huondoka kupitia vijitundu vidogo mno na kurejea katika damu. Kuvu ya kriptokokasi ina joho. Imejivika ute mzito, mfano wa ule wa bamia, na ute huo huziba vile vijitundu. Maji yaendelea kutengenezwa lakini njia ya kutokea hakuna. Fuvu la kichwa ni mfupa, halitanuki kama mfuko. Basi msukumo hupanda, hupanda, na hapo ndipo kichwa huuma maumivu yasiyosikia dawa, macho huona viwili, kisha giza, kisha mtu huzimia. Kwa hiyo wengi wanaokufa katika siku za mwanzo hawakuuawa na kuvu yenyewe kwa kuwala. Wameuawa na maji yaliyokosa pa kupita.

Daktari hupima msukumo huo kwa mrija mwembamba. Ukizidi sentimita 25 za maji, hutoa kiasi hata ushuke chini ya 20, au, ikiwa ulikuwa mkubwa mno, hata upungue kwa nusu. Aghlabu mgonjwa aliyekuwa akigumia huacha kugumia pale pale kitandani. Kesho yake, maji yakirejea, hutolewa tena. Sindano yenyewe huingizwa chini kabisa kiunoni, mahali ambapo uti umekwisha kuishia juu yake. Kwa hiyo ile khofu kwamba itaukata uti na kumlemaza mtu haina msingi. Mtu anaweza kuumwa kichwa siku moja mbili baada yake. Na wapo wagonjwa ambao daktari mwenye hadhari hatawachoma kabla ya kupiga picha ya kichwa, kwa kuwa pana uvimbe ndani. Hayo ni masharti ya kazi, kama vile nahodha alivyo na masharti ya kuingia bandarini usiku.

Huko Uganda na Afrika Kusini wagonjwa 248 wa maradhi haya walifuatiliwa, na khabari zao zikachapishwa mwaka 2014. Walikuwamo 75 waliotolewa maji kwa ajili ya kuwapunguzia msukumo, na hao ndio waliofika wakiwa na hali mbaya zaidi. Wakafa 5. Katika wale 173 ambao hawakutolewa, walikufa 31. Yaani walioanza wakiwa taabani ndio waliopona zaidi.

Basi msemo wetu umetoka wapi? Umetoka kwetu wenyewe. Twamchelewesha mgonjwa kwa vidonge, kwa ubani na kwa mashauri, hata anapokuwa hana siku mbili za kuishi ndipo twakubali sindano. Anachomwa, anakufa, na sindano inabeba lawama. Ni kama mtu anayewalaumu wazimamoto kwa kuwa kila nyumba wanayoiendea huwa inaungua.

Najua pia kwamba patatokea msomi mmoja barazani atakayesema: "Je, Marekani haikutokea sindano ya mgongo ikaleta kuvu?" Naam, ilitokea, na haifai kulificha. Mwaka 2012 kiwanda kimoja cha kuchanganya dawa katika jimbo la Massachusetts, New England Compounding Center, kilitoa chupa za dawa ya kutuliza maumivu ya mgongo, na ndani ya chupa hizo mlikuwa na kuvu. Watu 753 katika majimbo 20 waliugua, na 64 wakafa. Lakini tazameni tofauti. Wale walitiwa dawa chafu ndani ya mgongo. Mgonjwa wetu hatiwi kitu. Anatolewa maji yanayomuua. Funzo la Massachusetts ni juu ya uchafu wa kiwanda na uzembe wa wakaguzi wake, si juu ya sindano.

Maji yakishatolewa mgonjwa amepewa nafasi tu. Kuvu bado imo, na kuitoa ni kazi ya dawa. Na hapa ndipo khasa nilipokasirika niliposoma, kwani nilidhani nitaambiwa kwamba dawa bado inatafutwa. La. Dawa zipo, na zimezeeka.

Ya kwanza ni amfoterisini. Ilitokana na kijidudu cha udongo uliochukuliwa kandokando ya mto Orinoco katika nchi ya Venezuela, na ikaanza kutumika katika miaka ya 1950. Ni dawa kali. Humtia mtu homa na kutetemeka, huunguza figo na kupunguza damu, hata wauguzi wa zamani wakaipa majina mabaya. Siku hizi hufungwa ndani ya chembe ndogo za mafuta, na madhara yake yamepungua sana. Ya pili ni flusitosini. Hii ilitungwa mwaka 1957 kwa kutumainiwa kuwa itaponya saratani. Haikuiponya, lakini baadaye ikaonekana kuwa yaua kuvu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa wametibiwa kwayo. Ya tatu ni flukonazoli, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1980, rakhisi, nyepesi, na ndiyo hiyo aliyopewa kijana wetu peke yake. Ikitumiwa peke yake, aghlabu zaidi ya nusu ya wagonjwa hufa.

Mwaka 2018 ilitolewa khabari ya majaribio makubwa yaliyofanywa katika Malawi, Zambia, Cameroon na Tanzania, kwa wagonjwa zaidi ya 700. Jambo mojawapo lililotazamwa lilikuwa hili: amfoterisini ifuatanishwe na dawa gani? Walipoifuatanisha na flukonazoli, katika kila wagonjwa 100 walikufa 45 kabla ya wiki kumi kwisha. Walipoifuatanisha na flusitosini, walikufa 31. Na wale waliopewa amfoterisini kwa wiki moja tu pamoja na flusitosini, walikufa 24. Watu kumi na nne, ama ishirini na mmoja, katika kila mia. Hiyo ndiyo tofauti ya kidonge kimoja kilichotungwa mwaka 1957.

Kisha mwaka 2022 yakaja majaribio mengine, ya Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Humo mgonjwa alitiwa ile amfoterisini ya chembe za mafuta mara moja tu, kwa kipimo kikubwa, halafu akameza flusitosini na flukonazoli kwa siku kumi na nne. Matokeo hayakuwa duni kuliko ya kutiwa sindano kwa siku saba, na figo za wagonjwa zikasalimika zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba hiyo iwe ndiyo ya kwanza. Fikirini maana yake kwa hospitali ya kisiwa: sindano moja siku moja, badala ya wiki nzima ya kuangalia figo kila asubuhi.

Na bei? Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza kwamba katika nchi 116 zisizo tajiri chupa moja ya dawa hiyo itauzwa dola 16 na senti 25. Chupa moja ina miligramu 50. Mtu wa kilo 50 ahitaji miligramu 500, yaani chupa kumi, yaani dola 162 na nusu. Sitasema kwamba hicho ni kiasi kidogo kwa utingo wa gari. Kwa Serikali ni bei ya matairi mawili ya gari la mkubwa.

Flusitosini ndiyo yenye kisa cha kuchekesha, kama kicheko kingefaa. Haina mwenye hakimiliki tena, na kuitengeneza si ghali. Lakini kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya Afrika haikuandikishwa wala haikupatikana, kwa kuwa wafanyaji biashara hawakuona faida kwa wagonjwa maskini, na Serikali hazikuagiza kwa kuwa haikuandikishwa, na haikuandikishwa kwa kuwa haikuagizwa. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2013, miaka 56 tangu kutungwa kwake. Wakati huo huo Marekani, ambako ilipatikana, bei yake ilipandishwa hata madaktari wa huko wakaandika mwaka 2016 kwamba matibabu ya siku moja yalifikia kiasi cha dola 2,000. Kidonge ni kile kile. Upande mmoja kimekosekana kwa umaskini wa wagonjwa, upande wa pili kimekosekana kwa uroho wa wauzaji.

Anayedhani bei za dawa zimeandikwa katika Lauhu Mahfudh na akumbuke Afrika Kusini. Mwaka 2000 Bwana Zackie Achmat na wenziwe wa Treatment Action Campaign waliona watu wakifa kwa kuvu ya ubongo na ya koo huku flukonazoli ikiuzwa kwa bei isiyogusika. Akaenda Thailand, ambako dawa ile ile ilitengenezwa na kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, akainunua na kurejea nayo hadharani, akijua kwamba avunja sheria ya hakimiliki. Haukupita muda kampuni yenye dawa, Pfizer, ikakubali kuitoa bure katika hospitali za Serikali za nchi ile. Watu waliuliza, tena kwa sauti.

Kabla sijafika kwenye kisu, neno juu ya kuzuia. Kipo kipimo cha tone moja la damu ya kidoleni, mfano wa kile cha mimba, kinachoonyesha kwamba kuvu imo katika damu kabla haijafika kichwani. Dar es Salaam na Lusaka watu 1,999 wenye virusi vya UKIMWI walioanza dawa wakiwa wamechelewa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapimwa kwa kipimo hicho na kutembelewa nyumbani na watu wa mtaani waliofundishwa kazi. Katika kundi hilo vifo vilipungua kwa 28 katika kila 100. Aliyeongoza uandishi wa khabari hiyo mwaka 2015 ni Mtanzania, Daktari Sayoki Mfinanga. Hayo yamefanyika ng'ambo ya mkondo huu wa bahari tunaouvuka kwa boti kwa muda wa saa mbili.

Ziko kuvu nyingine ambazo kwazo sindano na kidonge havitoshi, na hapo lazima kisu.

Mwaka 2021, wakati wa wimbi la Korona, India ilishikwa na maradhi yaliyoitwa kuvu nyeusi. Nayataja kwa kuwa India si mbali nasi. Ndiko wanakopelekwa wagonjwa wetu wenye kujiweza na wale waliobahatika kupewa rufaa. Kuvu hiyo, mukori, huwakamata khasa watu wenye kisukari kisichotazamwa, na wale waliopewa dawa za kutuliza uvimbe kwa wingi. Huingia puani, hula mifupa ya uso, huingia katika tundu la jicho, na kutoka hapo ubongoni. Katikati ya mwaka huo Serikali ya India ilitaja wagonjwa zaidi ya 45,000 na vifo zaidi ya 4,300, na amfoterisini ikawa inatafutwa kwa tochi katika miji mikubwa yenye viwanda vya dawa.

Tabia ya mukori ni kuziba mishipa ya damu. Nyama isiyopata damu hufa ikawa nyeusi, na dawa inayosafiri katika damu haiwezi kufika mahali ambapo damu haifiki. Utamtia mgonjwa amfoterisini ya ulimwengu mzima, kuvu iliyomo ndani ya nyama iliyokufa haitaipata. Kwa hiyo mpasuaji hukata kila kilichokufa, arudi siku ya tatu akate tena, na mara nyingine huondoa na jicho ili kuokoa ubongo. Na mpasuaji akikata bila ya dawa, mizizi iliyobaki huota upya. Tena yote mawili hayafai kitu ikiwa sukari haikuteremshwa. Dalili zake wenye kisukari wazijue: uso kuvimba upande mmoja, pua kuziba na kutoa uchafu mweusi, jicho kutokeza ama kuona viwili. Mambo hayo hayangojei miadi ya wiki ijayo.

Sudan nao wana la kwao. Matabibu wa Khartoum tangu zaidi ya nusu karne iliyopita wameandika juu ya kuvu iitwayo asperijilasi, inayoota polepole katika matundu ya pua za watu wenye afya zao nzuri, ikalisukuma jicho nje na mwisho kupenya hadi kwenye ubongo. Kuvu ya jamaa hiyo ikifanya jipu ndani ya ubongo ni mauti, au karibu yake. Mwaka 2005 zilichapishwa khabari za wagonjwa 81 wa namna hiyo waliopewa dawa ya vorikonazoli. Walioonyesha nafuu ni 35 katika kila 100, idadi ambayo kwa maradhi hayo ilikuwa ni bishara njema, na miongoni mwao waliopasuliwa ndio waliokuwa na maisha zaidi.

Kwa ile kriptokokasi ya kijana wetu pia kisu kina nafasi yake. Ikiwa maji yajaa kila siku na sindano za kila siku hazifui dafu, mpasuaji huweka mrija chini ya ngozi unaoyatoa maji kichwani na kuyamwaga tumboni, na mwili ukayanyonya wenyewe. Wapo watu wanaotembea na kufanya kazi na mrija huo ndani yao, na hakuna anayejua.

Je, kisiwa kama chetu chaweza kazi hiyo? Mwaka 2014 katika hospitali ya Mnazi Mmoja ilifunguliwa taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa juhudi ya Daktari José Piquer, Mspania, na wenziwe wa taasisi ya NED. Mrija anaotiwa mtoto mwenye kichwa kikubwa cha maji ni ndugu wa mrija niliokwisha kuueleza. Kwa hiyo anayesema kwamba upasuaji wa ubongo ni jambo la Ulaya na India, na asitutishe. Tunalolihofia ni jingine: kwamba mtu atapasuliwa vizuri na mikono yenye ujuzi, kisha akatolewa chumbani na kupewa karata ya dawa isiyokuwapo.

Neno la mwisho juu ya tiba, nalo ni kwa wale wanaopenda kumwombea mgonjwa "dexa" kila anapoumwa na kichwa. Lilijaribiwa hilo Asia na Afrika kwa wagonjwa wa kriptokokasi, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa walilemaa zaidi kuliko wasiopewa.

Sasa wanachama. Kila mmoja wetu ana mwakilishi wa jimbo lake, awe wa chama chetu au wa chama kingine. Kuvu haiulizi kadi. Aulizwe, kwa barua yenye tarehe, flusitosini iliyomo leo katika bohari ya dawa ya Serikali ni vidonge vingapi, na iliagizwa lini kwa mara ya mwisho. Aulizwe amfoterisini ya chembe za mafuta zipo chupa ngapi, Unguja ngapi na Pemba ngapi, kwani mgonjwa wa Micheweni asiyeweza hata kuinuka hawezi kuambiwa apande meli. Aulizwe ni hospitali zipi zenye ule mrija wa kupimia msukumo wa maji, ambao ni kitu cha bei ndogo kabisa, na kama hakuna, wauguzi wanapimia nini. Asijibu kwamba mambo yanashughulikiwa. Tunataka tarakimu.

Na katika matawi yetu, mkutano unaofuata, kabla ya ajenda, mtu mmoja asimame aeleze juu ya sindano ya mgongo kwa dakika kumi. Akipatikana muuguzi, ni bora. Asipopatikana, nitakuja mimi mwenyewe tawi lolote litakaloniita, kwa gharama yangu. Na ami wa yule kijana, ambaye tumekwisha kuzungumza naye sana baada ya msiba, ameniambia kwamba yu tayari kuandamana nami na kusema yake. Barua za majibu ya wawakilishi ziletwe ofisini kwetu. Tutazichapa katika ukurasa huu huu, na majimbo ambayo hayakujibiwa tutayataja kwa majina.